Kamba ya kuanikia nguo haitoshi, na vuli ndo hiyo inakuja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na nikizidisha maneno nisamehe, maana hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na kila nikitaka kuandika biashara inanibana. Mimi ni mama muuza dagaa. Asubuhi utanikuta Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba hapa Mwanza, jioni niko kwangu Mabatini, bondeni kabisa, karibu na mto Mirongo. Wenyeji mkisikia hivyo mshaelewa naelekea wapi, kwenye mafuriko.

Nianze na mtoto wa kaka yangu. Anaishi Houston, Texas, huko anahudumia wazee majumbani. Mwaka huu mwezi wa sita tarehe moja akanitumia voisi, "Shangazi shikamoo, huku leo msimu wa vimbunga umefunguliwa." Nikacheka peke yangu pale gengeni. Msimu unafunguliwa? Kama ligi? Nikamuuliza, na refa anapuliza filimbi? Akaniambia shangazi usicheke, huku ni kweli kabisa una tarehe, unaanza tarehe 1 Juni unaisha tarehe 30 Novemba, vimbunga vyenyewe vinapewa majina kwa kufuata alfabeti na nguvu ya upepo inapangwa daraja la kwanza mpaka la tano, na ikifika mwezi wa sita kila mwenye akili zake anatoa boksi lake chini ya kitanda anakagua. Boksi gani? Akanitajia. Maji, lita nne kwa kila mtu kwa siku, angalau ya siku tatu. Tochi na betri. Redio. Dawa za mzee anayemhudumia. Vyeti na hati kwenye mfuko usiopitisha maji. Na karatasi imeandikwa tukitoka tunakwenda wapi na nani anamchukua nani.

Na yeye haongei kwa kusikia. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilipofika kule kilikaa juu ya ule upande siku kadhaa hakiondoki, sehemu zingine ikanyesha zaidi ya mita moja ya mvua ndani ya siku nne tano, yaani mvua ambayo sisi Mwanza tunaipata karibu mwaka mzima wao waliipata kwa wiki moja. Sasa kilichonishika mimi sio ukubwa wa mvua. Alisema serikali ilikuwepo, na helikopta zilikuwepo, lakini watu wengi walitolewa kwenye mapaa na majirani tu, na wanaume waliokuja na maboti yao ya kuvulia samaki wameyafunga nyuma ya gari, wengine wametoka jimbo jirani la Louisiana, ambako nako watu wa maboti walishafanya kazi hiyo kwenye kimbunga Katrina mwaka 2005. Nikamwambia mwanangu, kumbe hata Marekani anayeokoa watu ni mvuvi.

Sasa najua kuna mtu atasoma hapa aseme mama huyu anatuletea habari za Texas, Mwanza kimbunga kitatoka wapi. Ni kweli. Vimbunga vile vya bahari vinahitaji bahari kubwa yenye maji ya moto, tena viwe mbali kidogo na ikweta ndo upepo upate ule msokoto, sisi Mwanza tuko kama nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, havijisokoti hapa. Wenzetu wa pwani ndo wa kuviogopa, kile cha Hidaya cha Mei 2024 tulikisikia redioni siku kadhaa kabla, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza na boti za Dar na Zanzibar zikasimama. Lakini ziwa hili nalo lina mambo yake. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani unakwenda kupiga huko juu milimani, mvua inanyesha huko. Usiku inageuka. Nchi inapoa, upepo unatoka kila upande wa nchi kavu unakutana katikati ya ziwa, na ziwa lenyewe bado lina joto lake la mchana, basi mawingu yanapanda juu kama maziwa yaliyochemka. Ndo maana dhoruba zetu nyingi ni za usiku kuelekea alfajiri. Na dagaa wanavuliwa lini? Usiku. Tena usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaji kwenye taa. Kwa hiyo vijana wetu wako katikati ya maji saa ileile ambayo ziwa linaamka, na hilo halina tarehe ya kufunguliwa wala kufungwa, ila vuli ya Oktoba mpaka Desemba na masika ya Machi mpaka Mei ndo zinazidi.

Na nchi kavu tusijidanganye. Mwakata kule Kahama Machi 2015 mvua ya mawe na upepo usiku mmoja iliua watu zaidi ya 40, wengi nyumba ziliwaangukia. Ule haukuwa na jina la alfabeti.

Niseme ya kwangu sasa. Ilikuwa vuli ile ya El Nino, mwishoni mwa 2023. Mvua ilianza saa tatu usiku, ya kawaida tu, nikalala. Nikaamshwa na mlio ko, ko, ko kwenye mlango, nikajua mtu anabisha, nikasema nani wewe usiku huu. Kimya. Ko, ko. Nikashusha miguu kitandani ikaingia kwenye maji ya baridi mpaka juu ya kifundo. Aliyekuwa anabisha ni dumu langu la njano la lita ishirini, linaelea koridoni linagonga mlango. Ukitaka kujua hofu ndo hiyo, kubishiwa hodi na dumu. Nikawasha simu, ukuta una mstari wa tope unapanda huku nauona, maji rangi ya chai ya maziwa, yananuka choo maana vyoo vyote vya bondeni vilikuwa vimefunguka, ndala za wajukuu zinaelea kama mitumbwi. Friji likainama polepole kama mtu mwenye usingizi halafu likalala. Na umeme ulikuwa bado unawaka! Hiyo mpaka leo nikikumbuka nasisimka, hakuna aliyejua kukimbilia swichi kubwa kwanza, tulikuwa tunahangaika na godoro.

Jirani yangu upande wa chini ni bibi mzee sana, miguu haifanyi kazi, anaishi na mjukuu wa miaka kumi. Aliyemtoa ni kijana wa bodaboda wa kijiwe chetu. Alifungua kamba yangu ya kuanikia nguo, akajifunga kiunoni, ncha nyingine akatushikisha sisi wanawake watatu tuliosimama kwenye ngazi ya nyumba ya juu, akaingia. Alirudi na bibi mgongoni, bibi amemshika shingo, anasema "shusha, shusha, kanga yangu imeanguka." Tulicheka wakati ule tunalia. Kesho yake yule kijana ndo anatuambia hajui kuogelea. Na ile kamba, Mhariri, ni ya nailoni ya shilingi elfu mbili, nilipoiangalia asubuhi nyuzi zilikuwa zimekatika zimebaki chache. Mwanangu wa Houston nilipomhadithia alinyamaza kidogo halafu akasema shangazi, huku wanafundisha maji yanayokimbia yakiwa sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yale yalikuwa yanafika mapajani.

Vyeti vya watoto wangu wote vilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Chini ya kitanda! Mama yangu aliweka hapo, na mimi nikaweka hapo. Cheti cha kidato cha nne cha mwanangu wa pili nilikianika juani kama dagaa, kikakauka kikawa chapati, hakisomeki. Kosa langu, simlaumu mtu.

Ninayemlaumu ni mwingine. Baada ya siku kama nane hivi likaja lori la msaada, taasisi fulani siitaji, wana fulana zimeandikwa na wana mpiga picha. Tukapangwa foleni juani. Kilichokuwemo ni nguo za mtumba, na mimi mtumba nauheshimu, umenilelea watoto, lakini nilichopewa ni koti zito la baridi lenye manyoya kwenye kofia na kiatu kimoja cha kike cha kisigino kirefu. Kimoja. Mwenzake nilimtafuta foleni nzima. Wakati huo tope ndani limekauka limekuwa saruji, mtaa mzima tunaazimana koleo moja na toroli moja, hakuna maji safi, na kila mtu anaogopa kipindupindu maana kanda ya ziwa kilikuwa kinazunguka msimu ule. Tungepewa koleo kumi, vidonge vya kutibu maji, taulo za mabinti na mablanketi, tungewaimbia. Au wangeuliza tu. Mtendaji namba yake inajulikana, mwenyekiti wa mtaa yupo, kupiga simu ni shilingi ngapi? Koti lile nimelitunza. Wajukuu wakitaka kucheza dubu wanalivaa.

Sisemi watu wasijitolee, naomba nieleweke. Nasema kujitolea kwetu tumekuweka mwisho, baada ya maafa, kwenye foleni na picha, wakati kazi yenyewe iko mwanzoni. Angalia historia yetu sisi watu wa ziwa. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 hapa hapa karibu na Bwiru nilikuwa binti, nakumbuka mji ulivyonyamaza, watu zaidi ya 800, na makaburi yako Igoma mpaka leo. MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 kule Ukara, kivuko cha watu 101 kikabeba mara mbili na zaidi, wakafa 228, na waliofika kwanza ni watu wa pale na mitumbwi yao. Ile ndege iliyoanguka ziwani Bukoba Novemba 2022, watu 43 ndani, wakapona 24, nani alifika kwanza? Wavuvi. Majaliwa Jackson alikuwa mvuvi kijana tu na mtumbwi na kasia, serikali baadaye ikamwajiri Zimamoto na ikawa sawa kabisa, lakini jiulize kama angekuwa na mafunzo na vifaa kabla ya asubuhi ile. Picha zile sote tuliziona, wananchi wamejaa ufukweni wanaivuta ndege kwa kamba. Kwa mikono.

Yaani kila mara ni yule yule. Jirani, mvuvi, bodaboda, mama wa jirani mwenye sufuria kubwa. Hao ndo kikosi chetu cha uokoaji tukubali tukatae, wengine wote wanafuata baadaye, hata wakija mbio namna gani barabara ya kushuka kwetu mvua ikinyesha haipitiki. Sasa kama tunajua ni wao, kwa nini tunawaacha waende na kamba ya nguo?

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa mpaka chini huku kijijini na mtaani. Mimi nimeuliza mtaani kwetu wajumbe ni akina nani. Mmoja kahamia Buhongwa, mmoja marehemu, wa tatu ni mimi, sikujua. Kweli tena, jina langu lilikuwepo, nilisaini karatasi ya semina miaka iliyopita kwa ajili ya soda na nauli. Basi nikaona aibu, na aibu ndo imeniandikisha barua hii.

Tulichofanya ni hiki. Tumenunua daftari moja la kaunta buku. Nikapita na yule kijana wa bodaboda nyumba kwa nyumba, kuanzia darajani mpaka kwenye jiwe kubwa, tunaandika nani yuko humu. Sio majina ya wapiga kura, hapana. Tunaandika hivi, nyumba hii bibi hatembei. Nyumba hii mama ana mimba ya miezi saba. Hapa kuna mtoto wa sikoseli. Hapa baba ana sukari dawa zake ziko kwenye friji. Hapa wapangaji wanne hawana mtu hapa mjini. Halafu ukurasa wa pili, nani ana nini. Fundi seremala ana ngazi ndefu. Kuna mzee ana mtumbwi ameuegesha Igogo. Muuza maji ana mkokoteni na madumu hamsini. Mama lishe ana sufuria za shughuli. Mwalimu ana funguo za darasa na shule iko juu kidogo, maji hayafiki. Dada mmoja ni nesi, tunaishi naye miaka sita hatujui kumbe nesi, anatoka usiku anarudi asubuhi tukawa tunamsema vibaya, Mungu atusamehe. Kazi ya jioni tatu tu. Hakuna mfadhili, hakuna fulana.

Mafunzo ndo bado. Msalaba Mwekundu wapo hapa mjini na wanapokea watu wa kujitolea, na huduma ya kwanza wanafundisha, nawaomba vijana wa vijiweni waende, msingoje ajali. Zimamoto nao wakialikwa mtaani wanakuja kuelimisha, na namba yao ni 114, bure, iandikeni ukutani kwa chaki hata mtoto aione. Nilijaribu kuuliza watu kumi pale Mwaloni namba ya Zimamoto ni ngapi, wawili ndo walijua, na wote kumi walijua namba ya kununua luku ya umeme.

Majumbani sasa. Sitaki kuandika kama mwalimu wa afya lakini kuna vitu vidogo. Yale maji ya lita nne kwa mtu nilikaa nikapiga hesabu, kwangu tuko sita, mara nne ni lita 24, mara siku tatu ni lita 72, maana yake madumu manne ya ishirini na yanabaki kidogo. Madumu manne! Hakuna nyumba Mwanza haina madumu manne, ila yanakaa matupu mpaka maji ya bomba yakatike ndo tunakumbuka. Vyeti, hati ya kiwanja, kadi za kliniki, vitambulisho, kadi ya bima, mimi nimeviweka kwenye mifuko ya nailoni miwili miwili nikafunga nikatia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, ndoo iko juu ya kabati. Ikianguka itaelea. Mkaa usikae chini, ukilowa hupiki. Dawa za kila siku, za presha, sukari, na zile nyingine ambazo watu hatupendi kuzitaja lakini tunazimeza, zisibaki za siku mbili halafu mvua ikukute. Simu ijazwe chaji ukiona wingu limekaa vibaya kule ziwani, na hela kidogo ya mkononi iwepo maana mtandao ukikata hela yako ya kwenye simu ni picha tu. Swichi kubwa, kila mtu ndani ajue iko wapi, mkubwa na mtoto, na maji yakianza kuingia inazimwa hiyo kabla ya kugusa kitu kingine, ila kama maji yameshaifikia usiiguse, toka.

Mapaa. Ukisimama barabarani ukaangalia juu kule milimani, Igogo, Mabatini, Isamilo, utaona mabati yamewekewa mawe na matairi na tofali ili upepo usiyabebe. Ndugu zangu jiwe halishiki bati. Upepo ukipata mdomo pale kwenye ukingo unainua bati pamoja na jiwe, na jiwe linashuka kwa mtu wa chini, na sisi Mwanza kila mtu ana mtu wa chini. Fundi wangu alinionyesha, kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ifungwe kwa waya ya kufungia nondo ishuke mpaka ndani ya ukuta kwenye lenta, ule mkanda wa zege, misumari ya bati iongezwe kule pembeni na kwenye kofia ya paa ambako upepo unaanzia. Alinitoza elfu arobaini na tano na chakula cha mchana. 

Na mawe yenyewe ya mlimani. Tumezoea kujenga kati ya mawe tunaona ni urembo wa mji wetu, lakini anayechimba udongo chini ya jiwe apate kiwanja anakata mguu wa meza. Kavu linakaa. Likilowa wiki nzima sijui. Katesh kule Hanang Desemba 2023 mlima ulishuka na tope na mawe, karibu watu 90 wakafa, na watu wa pale nao walikuwa wanauona mlima wao kila asubuhi kama sisi.

Kuhusu mto Mirongo naomba nisiseme sana nitatukana. Chupa za plastiki, pampasi, maganda ya miwa, magodoro. Siku ya usafi Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafagia vumbi mbele ya maduka mpaka saa nne ifike tufungue biashara, na mtaro nyuma umejaa mpaka juu. Mimi naona mwezi wa tisa wote ungekuwa wa mitaro tu.

Nirudi kwa wavuvi, ndo wanaonilisha. Nawajua vijana ambao wana laifu jaketi, wanaikalia. Wanaifanya mto wa kukalia kwenye mtumbwi, wanasema ikivaliwa inabana kuvuta nyavu. Mwingine anasema mtu wa ziwani akivaa jaketi anajiitia mkosi. Mkosi! Na wenye mitumbwi, matajiri, wanajua kununua mashine mpya lakini jaketi sita ni gharama. Utabiri wa ziwa unatolewa kila siku, unasema upepo na urefu wa mawimbi, na kuna ngazi zake, angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Kwa nini usiandikwe kwenye ubao pale mwaloni kila saa tisa mchana kabla hawajashuka? Ubao tunao, umeandikwa bei ya dagaa na deni la watu. BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wakitoa chaki na kijana mmoja wa kuandika imetosha. Wazee wanasema anga wanalisoma wenyewe, na ni kweli wanalisoma, nimewaona wanatazama radi upande wa Ukerewe wanakunja nyavu saa hiyo hiyo. Lakini vijana wa sasa wengi wametoka bara huko kwenye pamba na mpunga, ziwa wamelijulia ukubwani, hawana babu wa kuwasomea anga. Hao ndo ubao unawahusu.

Mwaka jana alfajiri moja tulikaa pale Mwaloni tukisubiri mtumbwi mmoja. Wenzao wote walirudi wamelowa chapachapa, huo hauonekani. Mke wa mmoja wao alikuwa anapepeta dagaa wa jana, anapepeta, anapepeta, ungo umeshakuwa mtupu bado anapepeta. Walirudi saa nne, wamevutwa, mashine ilizima wakatupwa huko na upepo. Hakuna aliyekuwa na simu yenye chaji. Yule mama alisimama, akamtazama mumewe, akamwambia "kaoge," akaendelea na ungo.

Mhariri nimemaliza karibu. Wasomaji wa Ilemela, Nyamagana, Sengerema, Magu, Ukerewe, wenye mtaa ambao umeshafanya daftari kama letu watuandikie hapa hapa tujifunze, sisi letu bado lina makosa, tumeandika nyumba mbili mara mbili na bibi mmoja tumemsahau kabisa, alikuja mwenyewe na fimbo kulalamika. Wenye taasisi na malori nao wanakaribishwa, daftari tutawafungulia waone kinachotakiwa ni nini.

Kamba nimenunua ya kweli, ile nene ya kufungia mitumbwi, mita thelathini, imetundikwa nyuma ya mlango wangu na kijiwe kizima wanajua iko hapo. Tumenunua na maboya mawili kwa mchango. Yule kijana ameanza kujifunza kuogelea Jumapili mchana, anafundishwa na watoto wa miaka tisa, wanamcheka sana. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu saa moja asubuhi tunaanza mtaro wa nyuma pale darajani, mwenye koleo aje nalo, asiye nalo aje na ndoo. Chai ya rangi na maandazi naleta mimi.

Mama muuza dagaa,
Mabatini, Mwanza